Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanajamaa wa Msikiti, Mwaka 2020

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu wanajamaa,

Mwaka huu msikiti wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ulifungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, na kabla mwezi haujaisha mikusanyiko ya ibada ikasimamishwa. Tukafunga milango, tukakausha birika la udhu. Mwadhini aliendelea kuadhini peke yake, akiwaambia watu waswali majumbani, kama ilivyonadiwa siku za mvua zama za Mtume (s.a.w.).

Kosa letu kamati ni kubandika karatasi mlangoni na kwenda zetu. Barazani ikasemwa kuwa tunaogopa maradhi kuliko Mungu. Jawabu tulikuwa nalo: hadithi ya tauni, kwamba ikizuka mahali usiingie, na ikikukuta huko usitoke, na Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliyerudi njiani asiingie Shamu (Syria) kwa ajili ya tauni. Khatibu aliyarikodi hayo kwenye simu Ramadhani ishafika katikati, tukayasambaza, na kelele zikapungua. Yangetolewa Machi.

Ramadhani yenyewe mnaijua. Kafyu ilikuwa saa moja jioni, na Mei 6 mtaa wetu ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Tarawehe tukaswali nyumbani. Baadhi yenu mmeniambia ndiyo mara ya kwanza mmewaswalisha wake na watoto wenu. Futari ya msikitini tuliigeuza mchele, unga na tende, vijana wakazungusha nyumba kwa nyumba. Hesabu mhazini atawasomea.

Julai 6 Rais aliruhusu ibada zirudi: watu wasiozidi 100, muda wa saa moja, umri miaka 13 hadi 58. Mwenyekiti wenu ana miaka 63. Ijumaa ya kwanza niliswali adhuhuri chumbani, hutuba ya msikiti wangu mwenyewe ikiniingilia dirishani. Safu ya kwanza kwetu ni ya wazee, na siku hiyo ilijaa vijana. Mzee mmoja aliyerudishwa mlangoni alimwuliza kijana wa zamu kama amesahau ni nani aliyemsomesha alifu na bee. Hili limeniuma kuliko kule kufungwa. Sharti la umri lilipolegezwa baadaye, wazee wengine hawakurudi, na si wote ni kwa kuogopa korona. Nimewatembelea wanne, waliobaki nitawaendea mwenyewe.

Sakafuni tulitia alama za kutenganisha watu. Imamu, kwa mazoea, akasema sogeleaneni mzibe mianya, na jamaa wote wakasogea papo hapo! Ikabidi apangue safu upya kabla ya takbira.

Sanduku la Ijumaa lilikauka miezi ile, lakini mshahara wa mwadhini haukukatwa.

Mazulia yamo stoo bado. Kila mtu aje na mswala wake na aondoke nao, maana hadi leo miswala kumi na mmoja haina mwenyewe. Iko kwa mwadhini.

Mwenyekiti