Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Jenereta kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Assalaam alaykum. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kuwakabidhi vyeti vijana wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Unguja ilianza kupokea umeme wa Bara kwa waya wa baharini mwaka 1980. Sisi Pemba tuliendelea na dizeli ya kituo cha umeme cha Wesha hadi 2010, ulipotufikia waya wa kutoka Tanga. Giza la miezi mitatu lililoikumba Unguja kuanzia Disemba 2009 lilionesha hatari ya kutegemea waya mmoja. Yakawekwa majenereta ya akiba Mtoni, Unguja, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya wa pili wa Unguja, wa megawati 100. Kwa hiyo dizeli haikuondoka visiwani. Imehama kutoka kituo kikuu, sasa iko nyuma ya hospitali, hoteli, vyumba vya baridi na minara ya simu. Hayo ndiyo majenereta tunayoyahudumia.

Kwa fahari kubwa tunakuarifu kuwa kikundi kimesajiliwa, kina banda lake, na kila mashine ina daftari lake la matengenezo. Kazi tuliyoianza sisi haijawahi kumaliziwa na fundi wa kuletwa kutoka nje.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tuna haja moja, nayo si ngeni masikioni mwa viongozi. Jenereta la akiba halifi kwa kufanya kazi, linakufa kwa kukaa. Betri hushuka chini ya volti 12.4 bila mtu kujua. Unyevu wa pwani hugeuka maji ndani ya tangi lililojazwa nusu, dizeli huota utelezi, filta huziba. Chumvi nayo hula rejeta inayopoza injini.

Baya zaidi ni kuliwasha tupu, bila mzigo wa vyombo vya umeme, kila mwezi kwa dakika chache ili ionekane limejaribiwa. Injini isiyo na mzigo haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, nozeli hushika masizi, na mafuta meusi huvuja kwenye ekzosi. Siku umeme ukikatika kweli, wodi ikawashwa kwa mkupuo, jenereta hutoa moshi na kuzima. Kwenye kibao cha ukubwa wake linasomeka kVA 60, kwa mgonjwa ni sifuri.

Dawa yake ni kulijaribu kwa mzigo usiopungua asilimia 30, nusu saa au zaidi, kila mwezi. Kwa jenereta la kVA 60, lenye kilowati 48, mzigo huo ni kama kilowati 15. Hospitali haiwezi kuzima na kuwasha vyombo vyake ili sisi tupime. Ndiyo maana tunaomba mzigo wa majaribio wa kukokotwa: hita za maji 15 za kilowati 3 kila moja, tano kwa kila fezi, ndani ya tangi la chuma la lita 1,000, pamoja na swichi zake, kebo, waya wa ardhi na tela. Tangi lisiwe la plastiki, litalainika. Na lisiwe pipa la lita 200, kwa sababu hita zote zikiwaka, kilowati 45 hulichemsha kwa chini ya nusu saa na jaribio hukatika.

Tunaomba pia dizeli ya majaribio itengewe fungu lake. Lita moja hutoa takriban uniti tatu za umeme (kilowati-saa), hivyo nusu saa kwa kilowati 15 haizidi lita tatu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kwa heshima zote, ombi hili liliwahi kusomwa mbele ya mgeni rasmi aliyekutangulia. Lilipigiwa makofi, likaandikwa, tukaambiwa tusubiri bajeti. Baadaye tukaletewa jenereta jipya, na tunashukuru. Limekaa bila kupimwa kwa mzigo hata mara moja, na betri yake imeshakufa. Tunakusihi usituongezee jenereta jengine kabla ya vifaa vya kuyapima yaliyopo.

Orodha ya vifaa na vipimo vyake tumeiambatanisha. Tunaomba, kabla hujaondoka, ututajie afisa wa kumfuata na tarehe ya kumfuata.

Tunaomba kuwasilisha.