Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kipaimara: Karirini Zaburi Nzima

Wajukuu zangu wa darasa la kipaimara, pamoja nanyi walimu wao, Bwana Yesu asifiwe.

Katika miaka yangu kwenye baraza la wazee wa usharika nimesikiliza vijana wengi wakiulizwa maswali mbele ya madhabahu kabla ya kubarikiwa. Najua kwamba Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana mnazitamka bila kukwama, pamoja na maelezo ya Katekisimo Ndogo, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani ambacho Martin Luther alikitoa mwaka 1529, baada ya kukagua sharika na kukuta kwamba hata baadhi ya wachungaji hawakuyajua mambo hayo. Kwa hiyo siwaandikii ili mwanze kukariri, maana mnakariri tayari, ingawa wapo wanaosahau yote kabla sahani za pilau ya sherehe hazijaoshwa. Ninachowaomba ni kwamba mnapoyaweka Maandiko moyoni, myaweke kwa vifungu vizima.

Siku hizi aya moja moja imetapakaa kila mahali, kuanzia vioo vya daladala hadi simu zenu. Kijana anayekwenda kwenye mtihani hujiambia, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," na mwenye duka huyabandika maneno hayo hayo juu ya kaunta akitarajia faida. Lakini Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, na katika aya iliyotangulia, Wafilipi 4:12, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliyekariri kuanzia aya ya 10 hawezi kuitumia ile ya 13 kama hirizi ya ushindi, kwa sababu njaa ya Paulo itamjia mdomoni kabla ya nguvu zake. Ndivyo ilivyo pia kwa Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, ambayo wengi hawajui kwamba aya iliyo kabla yake inawaambia watu walio uhamishoni Babeli wasubiri miaka sabini.

Kumbukeni pia kwamba Ibilisi naye anakariri. Katika Mathayo sura ya 4 alimnukulia Bwana Yesu Zaburi ya 91 kuhusu malaika watakaomchukua mikononi, akayaruka maneno "wakulinde katika njia zako zote," kisha akanyamaza kabla ya aya inayofuata, ile inayosema habari za kumkanyaga nyoka. Sidhani kama alisahau. Bwana Yesu alimjibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, katika sehemu inayowakumbusha Waisraeli jinsi walivyojaribiwa jangwani. Yeye mwenyewe alikuwa jangwani, ana njaa, wala hatusomi kwamba alikuwa na gombo mkononi.

Najua shuleni mnaonywa kwamba kukariri ni adui wa kuelewa. Onyo hilo lina haki yake kwa mtu anayemeza majibu ya mtihani. Zaburi ni jambo jingine, kwa kuwa mara nyingi utaielewa miaka mingi baada ya kuikariri, siku maisha yatakapokufikisha pale alipokuwa mtunzi wake. Mtaani kwetu kuna bibi ambaye presha ya macho imempofusha kabisa. Tulipompelekea Chakula cha Bwana nyumbani, alimtangulia mchungaji aliyekuwa bado anafunua kurasa: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Aliendelea hadi "utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele," bila kuruka neno. Naye Yona, katika sura ya 2, aliomba tumboni mwa samaki kwa maneno yanayofanana mno na ya Zaburi, na humo ndani nadhani hapakuwa na taa ya kusomea.

Basi anzeni na Zaburi ya 121, hiyo aliyoisema yule bibi, yenye aya 8 tu, kisha mwendelee na ya 23 na ya 130. Wenye bidii wajaribu Waraka wa Yakobo, ambao una aya 108. Ukishika aya mbili kwa juma, utaumaliza katika muda wa miaka miwili ya kipaimara na nafasi itabaki. Shikeni tafsiri moja msiibadilishe. Mimi napenda ile ya Union ya mwaka 1952 kwa mahadhi yake, lakini Habari Njema ni nyepesi, na anayeikariri hajakosea. Semeni kwa sauti, mkiwa mnafagia uwanja au mnachota maji, na kila siku rudieni ya jana kabla ya kugusa ya leo.

Nanyi walimu, nawasihi msiifanye Zaburi kuwa adhabu ya mtoto aliyechelewa, wala msiwashindanishe hadi mwenye ulimi mzito akaichukia Biblia. Mtoto akikwama, mpeni neno la kwanza la mstari unaofuata, mngoje, na akikwama tena semeni naye pamoja hadi mwisho. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitakuja darasani, nami nitasimama wa kwanza kuisema Zaburi ya 121. Nikikosea, mwe huru kunisahihisha.

Ni mimi babu yenu katika Bwana,
Mzee wa usharika