Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Utafiti: mwacheni daktari wa wanyama apite bila kuitwa

Mheshimiwa Profesa,

Nakuandikia kwa heshima zote. Mimi ni mhudumu wa nyumba ya wanyama ya chuo, na huu ni mwaka wangu wa 17 katika kazi ya kulisha, kusafisha vizimba na kujaza kadi za kila siku. Sijazoea kuandika barua za namna hii. Kilichonisukuma ni waraka uliobandikwa mlangoni kwetu wiki mbili zilizopita, usemao kwamba kuanzia mwezi ujao huduma ya daktari wa wanyama itatozwa kila anapoitwa, na ankara itakatwa kwenye ruzuku ya mtafiti mwenye mnyama. Asipoitwa haji, na asipokuja hakuna anayelipa. Kwenye karatasi hesabu hiyo imenyooka. Sisi tunaowashika wanyama tunaiona kwa jicho jingine.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu alikuwa akipasua panya wadogo, wale wa gramu 20 na kitu, na kila siku ya upasuaji alipoteza wawili au watatu. Vidonda vilishonwa vizuri, dawa ya usingizi ilipimwa sawasawa, ila panya hawakuamka. Kijana alishaanza kuamini kwamba mkono wake haufai kwa kazi ile. Siku moja daktari alikuwa amekuja kutazama meno ya sungura wa chumba cha jirani. Alipopita akasimama mlangoni, akaomba kuingia. Hakugusa panya hata mmoja. Aliweka kiganja juu ya meza ya chuma, akasema, "Meza yako ni ya baridi."

Mnyama mdogo kiasi hicho akishalazwa kwa nusukaputi hupoteza joto ndani ya dakika chache, na mwili uliopoa hauiondoi dawa upesi. Mwanafunzi alikuwa akiwapasha joto baada ya kumaliza kushona, wakati tayari wamechelewa. Daktari akamwelekeza aweke mkeka wa joto tangu kabla ya kuwalaza, asiuondoe mpaka panya atembee mwenyewe. Akamwambia pia awapake mafuta machoni, kwa kuwa panya hulala kwa dawa macho yakiwa wazi na mboni zikakauka. Maongezi yote hayakufika dakika kumi. Wiki iliyofuata hakufa hata mmoja.

Sasa, Profesa, ziara ile ingeandikwa kwenye ankara ya nani? Hakuna aliyemwita. Mwanafunzi hakujua kwamba tatizo lake ni la kupeleka kwa daktari, maana alidhani ni la mkono wake. Sehemu kubwa ya kazi ya daktari wa wanyama katika chuo cha utafiti iko hapo, kwenye mambo ambayo mwenye mnyama hajui kuwa ayaulizie. Waraka wenu utalipia tiba, na utaifuta hiyo sehemu nyingine yote.

Na utaratibu huu mimi nimeshauishi. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi kwenye taasisi nyingine iliyotoza vilevile. Jumapili moja asubuhi niliwakuta sungura waliofanyiwa upasuaji Ijumaa. Mmoja wao alikuwa amejikunja kwenye kona, majani ya jana hajayagusa, na trei ya chini ya kizimba haina kinyesi hata punje. Kwa sungura, trei tupu ni habari mbaya kuliko damu. Utumbo wake unatakiwa kufanya kazi usiku na mchana. Ukisimama, kila saa ina uzito wake. Nilimpigia simu msaidizi wa utafiti. Alinisikiliza kwa adabu, akasema ruzuku imebaki kidogo na ziara ya mwisho wa wiki hutozwa mara mbili, basi tusubiri Jumatatu. Jumatatu daktari alikuja. Alimtazama, akakaa kimya, kisha akaandaa sindano ya kumpumzisha, yaani ya kumuua bila maumivu.

Sikumlaumu yule msaidizi, na sijamlaumu hadi leo. Alikuwa mtu mwema aliyewekwa mahali ambapo kumwita daktari ni kosa la bajeti. Lakini sungura yule aliteseka siku nzima na usiku mzima mbele ya macho yangu, nikiwa na simu mkononi na sina ruhusa ya kuitumia. Hilo sijalisahau, na sitaki lije katika nyumba hii.

Kuna jambo ambalo huenda halionekani ukiwa ofisini. Panya, sungura na simbilisi ni wanyama wanaowindwa, na maumbile yao ni kuficha maumivu. Ukiingia chumbani hutulia, na mgeni huona wanyama wapole. Mwaka 2010 watafiti nchini Kanada walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa panya: macho yanavyobanwa, pua na mashavu yanavyovimba, masikio na sharubu vinavyobadili mkao. Daktari wetu alitukalisha wahudumu wote na picha zile mpaka tukazijua. Alitufundisha pia kutazama kiota, kwa kuwa panya mwenye maumivu haachi tu kula, huacha hata kujenga malazi yake. Mafunzo hayo hakuyafanya kwa kuitwa. Aliyafanya kwa sababu alikuwa wetu, na alikuwapo.

Wapo watakaosema huu ni moyo wa huruma wa wahudumu, na utafiti ni kitu kingine. Mimi nimejifunza kinyume chake. Maumivu hubadili usingizi, ulaji, homoni na kinga ya mwili, kwa hiyo panya mwenye maumivu yasiyotibiwa analeta matokeo ambayo mtafiti hakuyapanga na hawezi kuyatenganisha na yale anayoyatafuta. Hata namna ya kumnyanyua inahesabika. Mwaka huohuo wa 2010 ilionyeshwa Uingereza kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia hujaa hofu kuliko yule anayeingia mwenyewe kwenye bomba dogo au anayebebwa kwenye viganja. Sisi tulikuwa tukiwashika mkia miaka yote. Aliyetubadilisha ni daktari, na bomba tulilipata kwa kukata karatasi ngumu.

Magonjwa nayo hayangoji kuitwa mtu. Mwaka 1992, katika utafiti wa muda mrefu wa saratani huko Marekani, panya wa kundi linganishi, ambao hawakupewa kemikali yoyote, walikutwa na homa ya ini na uvimbe wa ini. Mwaka 1994 chanzo kilitangazwa: bakteria ambaye hakuwa amejulikana kabla, aliyepewa jina la Helicobacter hepaticus. Panya wale walikuwa wakila na kuzaliana kama kawaida, na hakuna ambaye angemwita daktari kwa ajili ya panya anayekula vizuri. Maambukizi ya aina hiyo hukamatwa na mtu anayepima kwa ratiba wanyama walinzi, yaani wachache wanaowekwa makusudi kati ya wengine ili kuonyesha maambukizi yaliyopo, na kufuatilia kizimba hadi kizimba, wagonjwa wawepo au wasiwepo. Nauliza tena: katika waraka huu, ratiba hiyo inalipwa na ruzuku ya nani? Na kundi jipya likishuka kwenye gari, nani atalipia ukaguzi kabla halijachanganywa na waliopo?

Swali la wanyama wageni wanaoingia ni la usalama wetu sisi watu pia. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua homa kali baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda, pamoja na viungo vyao. Waliougua, pamoja na waliowahudumia, walikuwa 31, na 7 walifariki. Virusi vile hadi leo vinaitwa Marburg. Sisi hatufugi tumbili, nami sisemi haya ili kutisha mtu. Nasema kwa kuwa wanaoambukizwa kwanza ni wenye kushika, kuosha na kufagia, na sisi tungependa mwenye ujuzi awatazame wanyama kabla yetu.

Sheria za wenzetu zimeliona hili. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti unataka kila taasisi inayowatumia iwe na daktari maalumu aliyepangiwa kazi ya kushauri kuhusu ustawi na tiba yao, na kushauri si jambo la dharura. Marekani, kanuni zilizo chini ya sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 1966 zinakubali kwamba uangalizi wa kila siku ufanywe na mtu asiye daktari, yaani mtu kama mimi, ila kwa sharti kwamba iwepo njia ya moja kwa moja na ya mara kwa mara ya kumfikishia daktari habari. Zinataja pia huduma ya dharura, ya mwisho wa wiki na ya sikukuu. Ni kweli sheria hiyo haiwahesabu panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, na hilo limelalamikiwa miaka mingi. Lakini nilipoisoma ile sentensi ya njia ya moja kwa moja, nilimkumbuka sungura wangu wa Jumapili.

Najua fedha hazitoshi. Najua pia hoja kwamba baadhi ya watafiti humtumia daktari zaidi kuliko wengine, na si haki wote wabebe. Basi fanyeni kama mnavyofanya kwenye chakula na matandiko: kila kizimba kitozwe kiasi kidogo kwa siku, daktari awe ameitwa au hajaitwa, na mshahara wake utoke humo. Mwenye vizimba vingi atalipa zaidi, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kusubiri Jumatatu. Mtu haendi maktaba akatozwa kwa kumuuliza mkutubi swali, kwa kuwa chuo kinajua kwamba kutouliza kunagharimu zaidi.

Naomba pia kwamba mhudumu yeyote wa zamu aruhusiwe kumpigia daktari simu bila kupitia kwa mtafiti. Na daktari awe na mamlaka ya kutuliza maumivu ya mnyama, au kumpumzisha, pale mwenye utafiti asipopatikana. Bila mamlaka hayo anakuwa mgeni anayeomba ruhusa huku mnyama anakata roho.

Na aone maandiko ya utafiti yakiwa bado rasimu, kabla hayajafika kwenye kamati ya maadili. Nimeona andiko lililopangia dawa ya kutuliza maumivu ambayo nguvu yake huisha baada ya saa chache, sindano ya mwisho saa kumi na moja jioni, na mtu wa kwanza kurudi chumbani asubuhi. Usiku mzima haukuwa na mwenyewe. Daktari alipendekeza aina inayotoka polepole mwilini na kudumu karibu siku tatu. Lilikuwa badiliko la mstari mmoja kwenye rasimu. Baada ya kupitishwa lingekuwa la barua, vikao na miezi. Kanuni ya kutumia njia mbadala badala ya wanyama, kupunguza idadi yao na kuboresha wanavyotendewa, ambayo wanasayansi Russell na Burch waliieleza mwaka 1959 na ambayo kila andiko letu huitaja kwenye ukurasa wa kwanza, hutekelezwa kwenye mistari midogo kama huo.

Kuna dogo jingine, nalitaja kwa sababu linanikera. Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, na vitamini hiyo hupungua kadiri chakula kinavyokaa stoo. Daktari wetu, kila anapopita, hufungua stoo na kusoma tarehe kwenye mifuko. Sijui nitaandika nini kwenye fomu ya kumwitia kazi hiyo.

Waraka unaanza kutumika tarehe mosi. Chumba namba 4 kina sungura 12 waliopangiwa upasuaji wiki hiyohiyo, na zamu ya Jumamosi na Jumapili ni yangu. Naomba nijue kabla ya siku hiyo kama nikikuta trei tupu nitaruhusiwa kupiga simu.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa wanyama, nyumba ya wanyama ya chuo