Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Turudishieni ibara ya kumwajibisha mbunge

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwenyekiti wa kijiji mstaafu. Kwa miaka 10, kila baada ya miezi mitatu, nilisimama mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji nikasoma mapato na matumizi. Aliyewahi kusoma taarifa ile mbele ya watu anaowadai na wanaomdai anajua uzito wake.

Mwaka mmoja tulikuwa tunaezeka nyumba ya mwalimu. Mama mmoja aliyekaa mbele akasimama akasema mabati 12 hayamo kwenye taarifa. Yalikuwa stoo ya shule, mimi ndiye niliyesahau kuyaandika. Hawakuniamini kwa maneno. Mkutano mzima ulinyanyuka, ukaenda stoo, yakahesabiwa moja moja huku nimesimama juani. Yasingetimia, ningeondoka kwenye kiti siku ileile, maana Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaja Mkutano Mkuu kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini: unaichagua halmashauri ya kijiji, na unaweza kumwondoa mjumbe mmoja au wote.

Tuliporudi kukaa, mzee mmoja akauliza: "Na mbunge, mabati yake tunayahesabia wapi?" Mbunge wetu wa wakati ule tulikuwa hatujamwona kwa zaidi ya miaka miwili. Nilikosa jibu, na hadi leo sina.

Nimelitafuta kwenye Katiba ya 1977. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Maneno mazuri, nayapenda. Lakini ukifika Ibara ya 71, panapoelezwa namna mbunge anavyopoteza kiti chake, humkuti mpiga kura. Unakikuta chama: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Kwa hiyo kikao cha chama kinaweza kututolea mbunge tuliyemchagua sisi, na sisi tuliopanga foleni tangu alfajiri hatuwezi. Mwenyekiti anayesimamia nyumba ya mwalimu tunaweza kumwondoa. Anayepitisha bajeti ya nchi nzima, na kuongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo, tunamsubiri miaka mitano.

Mheshimiwa, jambo hili halikuanza na mimi. Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi ikisikiliza watu. Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, ilikuja na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge katikati ya kipindi, na ikaweka ukomo wa ubunge wa vipindi vitatu. Niliposoma sehemu ile nilimkumbuka yule mzee. Alikuwa ameshafariki.

Kisha rasimu ikaenda Dodoma, kwenye Bunge Maalum la 2014. Waliokaa mle walikuwa wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na wengine 201 walioteuliwa kutoka makundi ya jamii. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa Oktoba 2, haki ya kumwondoa mbunge haikuwemo, na ukomo wa vipindi vitatu nao haukuwemo. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na hatujaipiga.

Najua watakuja watu ofisini kwako waseme haki hii italeta fujo, kwamba kila aliyeshindwa uchaguzi atakusanya saini kesho yake. Hofu hiyo siidharau. Hata rasimu ya pili yenyewe iliniacha na wasiwasi mahali pamoja: ilitaja kama sababu ya kumwondoa mbunge kuunga mkono sera zilizo kinyume na masilahi ya wapiga kura. Hilo ni pana mno. Mbunge jasiri anayepinga jambo linaloshangiliwa na wengi angeweza kuponzwa nalo. Sababu ya kuhama jimbo kwa zaidi ya miezi sita bila sababu ya msingi, hiyo inapimika. Anza na za namna hiyo.

Jirani zetu wa Kenya waliiandika haki hii kwenye Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010, lakini sheria iliyofuata ikaibana kwa masharti mazito, ikiwemo saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikavifuta baadhi ya vifungu vyake. Uingereza, tulikorithi mtindo wetu wa bunge, ilitunga sheria yake mwaka 2015. Huko mlango haufunguki mpaka mbunge ahukumiwe kwa kosa au asimamishwe na Bunge lenyewe, na baada ya hapo asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wanatosha, ndani ya wiki sita. Mwaka 2019 watu wa Peterborough walifikisha idadi hiyo, mbunge akapoteza kiti, uchaguzi mdogo ukafanyika. Nchi haikutikisika.

Ninaomba mambo mawili. Mchakato wa Katiba uanzie kwenye rasimu ya pili, kwa sababu ndimo yalimobaki maneno tuliyoyasema wenyewe. Na ibara ya kumwajibisha mbunge irudi, ikiwa na sababu zinazopimika na idadi ya saini ambayo watu wa jimbo la vijijini, wasio na magari ya kuzungukia kata zote, wanaweza kuifikisha. Safari hii, uamuzi juu ya ibara hiyo usiachwe mikononi mwa wabunge peke yao.

Mkutano Mkuu wa kijiji chetu bado unakaa kila baada ya miezi mitatu. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu. Utapewa kiti cha mbele, na swali la yule mzee utaulizwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenyekiti wa kijiji mstaafu