Amekatwa mshahara, mtoto hajapata kitu

Mhariri,

Kuna mtu nimemtukana bure, naye ni babake mwanangu. Kwa miezi mitatu nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza hapa Likoni kuwa hatoi hata shilingi. Nilimfuata mpaka kwa mamake mzazi. Mwisho nikarudi Mahakama ya Watoto, akapewa notisi aeleze kwa nini asifungwe kwa kukiuka amri ya matunzo, ile inayotaka mwajiri wake amkate mshahara pesa ziingie akaunti yangu.

Alikuja na karatasi tatu za mshahara. Machi, Aprili, Mei, kila moja ina mstari wa matunzo: 9,000. Mimi nilikuwa na taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo, haina kitu kutoka kwa mwajiri wake. Tukazitandaza kwenye benchi nje ya korti, tukatazamana. Kumbe karani wa mishahara aliandika 6 badala ya 9 mwishoni mwa nambari ya akaunti yangu. Benki ikazirudisha pesa, kampuni ikazipokea, zikalala huko. Hakuna aliyepiga simu.

Uhasibu waliposikia neno malimbikizo, badala ya kutafuta zile 27,000 walizokuwa nazo, Juni wakamkata 18,000 kwa mpigo: matunzo ya mwezi huo na sehemu ya "deni". Mshahara wake ni 34,000. Toa NSSF, bima ya afya, ushuru wa nyumba, kodi na mkopo wa sako, alibaki na chini ya 5,000. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiruhusu makato yote kwa jumla kupita thuluthi mbili ya mshahara. Alistahili kubakiwa na 11,300 na ushei. Sikumwonea huruma sana, nikiri, lakini mtu akikatwa hivyo miezi miwili ataacha kazi, na hapo mwanangu atamkata nani?

Karatasi ya mshahara inaonyesha pesa zimetoka kwa mfanyakazi. Haionyeshi zimefika wapi. Sisi tulishindana mbele ya hakimu, na aliyekuwa na pesa hakuwa hata chumbani. Naomba korti zinapotoa amri ya makato zimtake mwajiri alete kila mwezi uthibitisho wa benki, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Na nambari ya akaunti ichapwe kwenye amri yenyewe. Yetu iliandikwa kwa kalamu pembeni.

Kwa mama mwenzangu aliye kwenye shida hii: kabla ya kuomba mtu afungwe, mwombe karatasi zake za mshahara, uzilinganishe na taarifa ya benki yako mwezi kwa mwezi. Kisha mwandikieni mwajiri nyote wawili, mtaje nambari ya kesi, na nakala iende masjala ya korti.

Zile 27,000 ziliingia Agosti. Kwa hivyo, ukiongeza na zile za "deni" alizokatwa Juni, sasa mimi ndiye niliyezidishiwa, 9,000. Tumekubaliana mwezi mmoja asikatwe, tukaenda pamoja kwa mhasibu. Ametujibu kwamba hawezi kusimamisha makato bila amri ya korti. Tumepewa tarehe ya mwezi ujao, na nauli ya feri na matatu tutajilipia.

Mama wa mtoto mmoja,
Likoni, Mombasa