Vitanda 300 twaweza kuvipanga, lakini manesi wa usiku watatoka wapi?

Mhariri,

Salaam. Naomba kanafasi gazetini nitoe dukuduku langu, manake kila nikiwasikia wakubwa wetu wakizungumza habari ya kujiandaa na gonjwa lijalo hisabu yao huwa ya vitu tu, vitanda, mahema, makontena, mitungi ya oksijeni, ventileta (zile mashine za kupumulia), na hakuna hata mmoja anayesema watu watakaosimama kando ya hivyo vitanda saa tisa za usiku watatoka wapi. Mie ni nesi, nilifanya kazi kituo cha karantini wakati wa korona huku Pwani, kituo chenyewe sikitaji na wala hakuna haja, yaliyotokea pale nimewasikia wenzangu wa kaunti zingine wakiyasema vilevile.

Mwakumbuka 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitaka kila kaunti iwe na vitanda vya karantini 300. Basi kaunti zikaanza mbio, mara kumbi za vyuo, mara mabweni ya shule, mara viwanja vya mpira, magavana wakaja na makamera, godoro bado ziko ndani ya nailoni watu washakata utepe. Ni kama masufuria ya pilau yashapangwa ukumbini na mpishi hajaitwa.

Sasa hebu tupige hisabu ambayo nesi yeyote in-chaji aijua kichwani. Wiki ina masaa 168. Nesi wa serikali afanya masaa 40 kwa wiki. Gawanya utaona kuweka mtu mmoja mahali pamoja usiku na mchana wahitaji watu wanne na kidogo, ongeza likizo, ongeza wanaougua, wanaojifungua na waliofiwa, sema watano. Haya, kitanda kimoja cha ICU, yaani wadi ya wagonjwa mahututi, mgonjwa akiwa kwa ventileta chataka nesi wake mwenyewe, kwa hivyo ICU ya vitanda 10 ni manesi 50, na si nesi yeyote, ni yule aliyeongeza mwaka mzima wa kusomea wagonjwa mahututi baada ya kuwa nesi tayari. Ukija kwa vile vitanda 300 vya wagonjwa wasiokuwa mahututi, ukimpa nesi mmoja wagonjwa 10 ni manesi 30 kila shifti, ukizidisha kwa watano ni 150. Mara kaunti 47 ni zaidi ya elfu 7. Na hapo sijataja madaktari, maafisa wa kliniki, watu wa maabara, wa usafi, wa kufua, wa jikoni, wa mochari, na fundi wa oksijeni ambaye asipokuwepo usiku na mtungi umeisha basi hao wengine wote ni watazamaji tu.

Halafu kuna ile ovaroli ya kujikinga. Ukishaivaa na barakoa na miwani na glavu mbili, kwa joto la Mombasa, masaa manane huyamalizi, waweza kuanguka. Ukitoka ndani hairudishwi mwilini, yatupwa, kwa hivyo hunywi maji na huendi choo mpaka zamu iishe, ndio watu wakawa wakipokezana kila masaa manne. Ina maana ile hisabu ya juu ishaharibika, waliokuwa wanatosha hawatoshi tena. Na kuvua ndiko kwenye hatari kuliko kuvaa, lazima awepo mtu wa kukutazama akwambie ngoja, usiguse shingo, nawa kwanza, na huyo naye ni mtu mmoja ametolewa kwenye roster ya zamu. Wanaopanga bajeti ya mahema hawamjui kabisa huyu mtu.

Watu watasema haya ni matatizo ya nchi maskini. La. Tazama Uingereza. London walichukua ule ukumbi wa maonyesho wa ExCeL wakaugeuza hospitali kwa siku 9, wakauita Nightingale, ukafunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 na Prince Charles kwa video, nafasi ya vitanda mpaka 4,000. Wimbi lile la kwanza ukalaza wagonjwa 54. Sababu si moja, kweli, hospitali za kawaida zilipanua ICU zao wenyewe na wagonjwa wengi wakaenea humo humo, lakini magazeti ya kwao mwezi huo huo yaliandika kwamba kuna wagonjwa walioombewa nafasi pale wakakataliwa kwa kukosa manesi. Mpango wao ulikuwa nesi wa ICU ambaye kawaida hutazama mgonjwa mmoja asimamie hata wagonjwa sita akisaidiwa na wengine, na kati ya hao wengine walialikwa mpaka wahudumu wa ndege waliokuwa wamekaa nyumbani ndege zimesimama. Siwacheki, wale angalau washafunzwa huduma ya kwanza na wajua kutulia watu wakipaniki. Lakini ICU haiendeshwi hivo. Walifungua zingine miji mingine pia, na ile ya Birmingham wimbi hilo haikulaza mgonjwa hata mmoja. Hizo Nightingale zote pamoja zilikula zaidi ya pauni milioni 500.

Tatizo lao lilikuwa wapi? Nesi wa ICU wa London tayari alikuwa na wagonjwa wake kwenye hospitali yake, ukimpeleka ExCeL umefungua kitanda kule na umefunga kitanda huku, faida hakuna.

Sasa Wuhan, kule China. Watu wote wasifia ile hospitali ya Huoshenshan, vitanda kama 1,000, imejengwa kwa siku 10 hivi, video zilizunguka kwa WhatsApp mpaka tukachoka, tingatinga usiku kucha. Lakini sehemu muhimu haikuwa tingatinga. Ilipofunguliwa Februari 2020 ilikuja na wahudumu 1,400 wa jeshi, na kwa jumla mkoa wa Hubei uliletewa wahudumu wa afya zaidi ya 42,000 kutoka mikoa mingine ya China. Gonjwa lilikuwa limewaka pale zaidi, kwengine bado, kwa hivyo kulikuwa na mahali pa kuazima watu. Na vile viwanja vya michezo na kumbi walizogeuza vituo, zilikuwa 16, zikapokea wagonjwa kama 12,000, wote wa hali nyepesi, watu wanaojiendea msalani wenyewe, ndio maana wahudumu wachache waliweza. Mahututi walipelekwa hospitali za kweli. Kufika tarehe 10 Machi zote zishafungwa.

Rudini huku kwetu. Mei 2020 Mji wa Kale hapa Mombasa ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, wagonjwa walikuwa sehemu hizo zaidi, na kulikuwa na kaunti ambazo hazina kesi hata moja. Je kuna nesi aliyeazimwa kutoka kaunti isiyokuwa na mgonjwa akaja Mombasa hata kwa wiki sita? Mie sikumuona. Tangu afya iende kwa kaunti 2013 nesi ni wa gavana wake, mshahara wake wa kule, bima yake ya kule, na gavana gani atatoa manesi wake na keshokutwa gonjwa laweza kubisha hodi kwake? Simlaumu hata. Lakini basi ndio ujue ule mfano wa Wuhan kwetu hauwezi kufuatwa kwa kununua makontena, wafuatwa kwa sheria ya kuazimana watu, nani analipa, nani anampa pa kulala, akifa nani anashughulikia watoto wake. Hayo yataka karatasi iliyosainiwa mapema, si simu ya usiku wa manane.

Nimesema akifa na sitanii. Rwanda 2024 walipopata Marburg, homa kali ya jamii ya Ebola, waliougua walikuwa 66, wakafa 15, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Gonjwa la aina hii laanza kwa kula wale unaowategemea. Kwa hivyo anayeandika roster ya dharura lazima aandike na ya pili ya kuziba mapengo, tena mapema.

Na kule Machakos Desemba 2020 tulimpoteza daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa kituo cha karantini, ikasemekana wazi kabisa kwamba hajalipwa mshahara miezi mitano na hana bima ya matibabu. Mwezi huo huo manesi na maafisa wa kliniki walikuwa washagoma, madaktari wakafuata tarehe 21. Watu walitutukana sana mitandaoni, ati twaacha wagonjwa wakati wa janga. Nilikuwa nasoma tu. Hapo kituoni kwetu sisi wa kontrakti tulikaa muda bila mshahara, ukiuliza waambiwa faili iko kwa meza ya fulani, ukienda kwa fulani faili ishaenda kwengine, na huku mwenye nyumba haelewi lugha ya faili. Wawili katika zamu yetu waliacha wakaenda zao kuuza maji na mitumba. Hakuna aliyewalaumu, walikuwa manesi wazuri sana, mmoja alikuwa ndiye bora kati yetu kwa kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi bila kumchomoa oksijeni, kazi hiyo si nguvu tu ni ujuzi na yataka watu kadhaa wanaoelewana.

Jambo lingine dogo ambalo hakuna anayelipangia ni usafiri. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, mwakumbuka yale ya feri ya Likoni, moshi wa vitoa machozi na watu kulazwa chini. Sasa nesi anayekaa Likoni na shifti yake yaisha saa kumi na mbili na nusu afike vipi? Halafu Aprili Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa watu wasitoke wala kuingia, na wenzetu wengi wakaa Mtwapa ambayo ni Kilifi, kodi huko nafuu. Kila siku kwa roadblock na barua ya kazi mkononi, askari wa jana aliyekujua leo amebadilishwa, waanza upya kujieleza. Unafika kazini ushachelewa na aliyekuwa ndani ya ovaroli akungoja wewe umtoe. Basi moja tu la wafanyakazi na hosteli karibu na kituo ingetuongezea nguvu kuliko kuajiri watu kumi wasioweza kufika.

Mtaniambia watu hawako. Wako. Ingia mtaa wowote utapata kijana amemaliza KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ana leseni ya baraza la manesi, yuko kwa duka la Mpesa. Julai 2021 serikali yetu ilisaini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka manesi wasiokuwa na kazi wakafanye kazi kule, tena katikati ya korona, na miezi michache nyuma tulikuwa twaambiwa hakuna manesi wa kulinda vitanda. Simkatazi mtu kwenda kutafuta riziki, nduguye mume wangu yuko huko na asaidia nyumba tatu. Lakini msiniambie hawako. Na wale walioajiriwa 2020 chini ya UHC, ule mpango wa afya kwa wote, kwa kontrakti ya miaka mitatu, 2025 bado walikuwa barabarani nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, wakidai ajira ya kudumu. Hao ndio waliobeba korona. Leo ukiwapigia simu kwamba kuna gonjwa jipya njooni kituoni, mwafikiri watakuja mbio?

Kwa maoni yangu, na najua kuna wakubwa watakaokasirika, hema la ICU tulisahau kabisa. Mgonjwa mahututi abaki hospitali kubwa, vitanda viongezwe humo humo ndani, kwa sababu pale kuna nesi wa ICU anayeweza kuwasimamia wengine watatu wasiokuwa wa ICU na akipiga kelele daktari wa ganzi yuko ghorofa ya juu. Ukumbi na hema ziwe za wagonjwa wepesi, tena wale wasiokuwa na nafasi ya kujitenga nyumbani, nyumba za chumba kimoja watu sita. Wengine wabaki nyumbani kama ilivyoamuliwa Juni 2020, na sasa tuna wale wahamasishaji wa afya mitaani, zaidi ya laki moja tangu 2023, wapewe kile kimashine cha kidole cha kupima oksijeni na wafunzwe namba ikifika ngapi wapige simu. Kimashine hicho si ghali, na mtu wa kukitumia tayari yuko mtaani.

Na kila kaunti iwe na daftari. Majina, simu, nani amestaafu karibuni na bado ana nguvu, nani hana kazi na leseni yake iko hai, nani amewahi kufanya kazi karantini. Waitwe mara moja kwa mwaka siku mbili tatu, wavae ile ovaroli na kuivua, walipwe posho ya siku hizo siku hizo hizo, si faili. Mkataba wa dharura uandikwe saa hizi tukiwa tumetulia, mshahara kiasi gani, walipwa tarehe ngapi, bima, pa kulala, na fedha zake ziwe kwa akaunti yake peke yake zisiguswe na mtu kwa barabara wala kwa sherehe.

Namuomba waziri wetu wa afya wa kaunti, na wenzake wa Kwale na Kilifi, atujibu hapa hapa gazetini. Asitutajie vitanda, hivyo twavijua. Atwambie hilo daftari lipo au halipo, na kama lipo lina manesi wangapi ambao wenyewe wajua kwamba wamo ndani.

Nesi wa wadi,
Kisauni, Mombasa