Neno "ubinafsi" na mtumishi wa Locke

Morogoro, Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Habari za huko? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nguo.

Uliniuliza nawafundishaje vijana wa mwaka wa kwanza falsafa ya mtu binafsi, ile inayotanguliza haki na uhuru wa mtu mmoja mmoja, bila kuwahubiria. Dada, kikwazo cha kwanza ni neno lenyewe. Ukishatamka "ubinafsi" umeshahukumu. Niliwapa Robert Nozick, Mmarekani aliyeandika mwaka 1974 kwamba kukata kodi kwenye kipato cha kazi ya mtu ni sawa na kumfanyisha kazi ya shuruti. Karatasi karibu zote zikarudi na jibu moja: huu ni ubinafsi, na ubinafsi ni mbaya. Azimio la Arusha wamelikariri tangu shuleni. Mimi naliheshimu Azimio, lakini pale hakuna aliyefikiri.

Nikaweka sharti: humpingi mtu mpaka uieleze hoja yake hadi mwenyewe aseme, naam, ndivyo nilivyomaanisha. Tukachukua mfano wa Nozick wa Wilt Chamberlain, mcheza kikapu. Kila mtazamaji anatia senti 25 sandukuni kwa hiari yake. Wakifika milioni moja, mchezaji anaondoka na dola 250,000. Nani kaibiwa? Darasa likanyamaza. Kisha kijana mmoja, mtoto wa mwenye duka, akasema taratibu, "Mwalimu, hela hizo zingekuwa zangu, hata mimi nisingependa zichukuliwe." Nilifurahi mno, maana sasa hoja ilikuwa imemgusa.

Wiki iliyofuata tukarudi kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, ambaye Nozick anamwegemea. Kazi ya mikono yangu ndiyo inayokifanya kitu kiwe changu, anasema. Wakakubali upesi, wengi wao ni watoto wa wakulima. Nikaandika ubaoni maneno yake ya sura ya tano ya Second Treatise, kitabu chake kuhusu serikali: katika ardhi ya wote, nyasi alizokula farasi wangu, mabonge ya udongo aliyokata mtumishi wangu na madini niliyochimba mimi, vyote ni mali yangu. Binti mmoja wa nyuma, asiyeongea kabisa, akanyoosha mkono. "Aliyekata ni mtumishi. Mbona ni mali ya bwana?" Wenzake wakamrukia: amelipwa! Akauliza, "Kwa hela iliyotoka wapi?" Ulimi uliniwasha, nikajizuia. Muda ukaisha, hakuna aliyetoka.

Mwisho kabisa ndipo nilipowaambia kwamba Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza watumwa. Ningeanza na hilo wangemtupa mtu na hoja yake pamoja.

Wiki ijayo ni zamu ya Ujamaa, kwa sharti lile lile. Nataka waisimamishe hoja ya Mwalimu Nyerere kwa nguvu zake zote, kisha waitazame miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini kwa kulazimishwa, waone kama Nozick ana neno la kuwaambia. Yule binti nimemwomba aanze yeye. Amekubali, ila ameniomba siku mbili azungumze kwanza na bibi yake, aliyehamishwa.

Nitumie yale maswali yako ya mtihani wa mwaka jana. Wasalimie wote nyumbani.

Wako daima